Habari ya Mama Achukuaye Mimba ya Mwenzake

Siku hizi katika mji wa Kampala husikika maneno mengi juu ya wanawake wanaochukua mimba kwa ajili ya watu wengine. Mmoja atasema, "Huyo ameuza mtoto wake." Wa pili atasema, "La, amelala na mume wa mtu kwa mapatano." Wa tatu atacheka na kusema kwamba hayo ni mazingaombwe ya madaktari. Maneno hayo yote matatu yanapotoka, na kwa kuwa yanamwumiza mtu ambaye pengine ni jirani yetu, dada yetu au shangazi yetu, yafaa sisi tusomao elimu ya viumbe tujue jambo lenyewe lilivyo. Ndiyo sababu naandika makala haya, kwa wanafunzi wenzangu na kwa kaka zetu waliokwisha maliza shule, ambao baadhi yao sasa wana nyumba zao na huenda jambo hili likabisha hodi mlangoni kwao.

Mwanamke wa namna hii nitamwita mama mchukuzi, kwa maana kazi yake ni kuchukua mimba. Jina hilo si la dharau. Mchukuzi wa stesheni huuweka mzigo begani na kuutua mwisho wa njia. Huyu hautui wake usiku wala mchana kwa muda wa miezi tisa.

JAMBO HILI NI NINI

Kila mtoto hutokana na vitu viwili, yai la mama na mbegu ya baba. Kwa kawaida viwili hivyo hukutana ndani ya mrija mwembamba ulio karibu na mji wa mimba. Yai lililotungwa huanza kugawanyika, likishuka polepole kwa muda wa siku tano au sita, mpaka linafika katika mji wa mimba na kujishikiza huko. Katika hali hiyo ya mwanzo huitwa kiinitete.

Wataalamu walijifunza kuvikutanisha viwili hivyo nje ya mwili, katika kisahani cha maabara. Mtoto wa kwanza aliyepatikana kwa njia hii ni Louise Brown, aliyezaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai, 1978. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watatu: Robert Edwards, mtaalamu wa elimu ya viumbe, Patrick Steptoe, daktari, na Jean Purdy, mwuguzi aliyeshughulika na viinitete katika maabara. Edwards alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010, wakati wenzake wawili walikuwa wamekwisha kufa. Watu walimwita Louise mtoto wa chupa, ingawa hakukaa chupani hata kidogo. Alikaa kisahanini siku chache tu, kisha akatiwa tumboni mwa mama yake akakua kama watoto wote.

Hapa Uganda mtoto wa kwanza wa namna hiyo alizaliwa mwaka 2004, kwa kazi ya Daktari Edward Tamale Sali na wenzake wa hospitali iliyoko Bukoto, Kampala, iitwayo Women's Hospital International and Fertility Centre. Hospitali hiyo hiyo ilitajwa duniani kote mwezi wa Novemba, 2023, mama mmoja wa miaka 70 alipojifungua mapacha kwa yai la kupewa. Habari hiyo ilionyesha jambo moja kubwa kwa somo letu: mji wa mimba waweza kulea kiinitete ambacho hakikutokana na yai la mwenye mji huo.

Na hiyo ndiyo siri yote ya mama mchukuzi. Mwaka 1986 huko Marekani alizaliwa mtoto wa kwanza aliyechukuliwa tumboni na mama mchukuzi asiye na nasaba naye. Hapa Afrika, tarehe 1 Oktoba, 1987, Pat Anthony wa Tzaneen, Afrika Kusini, mwenye miaka 48, alizaa watoto watatu kwa mara moja kwa ajili ya binti yake mwenyewe, ambaye hakuwa tena na mji wa mimba. Mayai yalikuwa ya binti, mbegu zilikuwa za mkwe, na mama akachukua mimba. Basi siku ile mwanamke mmoja alizaa wajukuu zake.

Wasomao Biblia watakumbuka habari ya Sara na Hajiri, mjakazi wake. Lakini tofauti ni kubwa. Hajiri alizaa mtoto wa yai lake mwenyewe, kwa kulala na mume wa bibi yake, wala hakuna aliyemwuliza kama apenda. Mama mchukuzi wa leo halali na mtu, hatoi yai lake, na ni lazima aulizwe kwanza, tena si mara moja.

KWA NINI MTU AHITAJI MSAADA HUU

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja katika kila watu sita hupatwa na taabu ya kukosa mtoto katika wakati fulani wa maisha yake. Katika nchi zetu sababu iliyo kubwa kwa wanawake ni kuzibika kwa mirija, mara nyingi kwa maradhi ya zinaa yasiyotibiwa mapema au kwa homa ya baada ya kuzaa. Lakini mwanamke wa namna hiyo hahitaji mama mchukuzi. Mji wake wa mimba ni mzima, na kiinitete chaweza kutiwa ndani yake mwenyewe.

Anayehitaji mama mchukuzi ni yule asiye na mji wa mimba, au ambaye mji wake hauwezi kulea, au ambaye mimba ingemwua. Wapo wanawake waliotokwa damu nyingi mno wakati wa kuzaa, hata daktari akalazimika kuuondoa mji wa mimba ili aokoe maisha. Wapo wasichana, karibu mmoja katika kila 5,000, waliozaliwa bila mji wa mimba ingawa mayai yao ni mazima. Wapo pia wenye ugonjwa wa moyo usioweza kustahimili mzigo wa mimba.

Katika Buganda mwanamke asiyezaa huitwa mugumba, na neno hilo ni zito kulibeba. Ndugu wa mume huanza kunong'ona, na pengine huletwa mke wa pili. Anayefahamu hayo ataelewa kwa nini watu huuza shamba ili wapate kulipia kazi hii, maana gharama yake ni mamilioni mengi ya shilingi, na matumaini yake hayana hakika.

MATAYARISHO

Tumfikirie mama mmoja akaaye Nansana. Huyu si mtu fulani, ni mfano tu. Ana miaka 29, amezaa watoto wawili salama, na amekubali kumchukulia mimba mke wa watu. Yampasa kufanya nini?

Kwanza, sharti awe amekwisha zaa. Hospitali njema hazimkubali msichana ambaye hajazaa, kwa sababu mbili: haijulikani bado kama mwili wake huchukua mimba bila matata, wala yeye mwenyewe hajui ni nini anachoahidi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Pili, hupimwa mwili mzima. Damu yake hutazamwa kwa ajili ya virusi vya UKIMWI, kaswende, homa ya ini, upungufu wa damu na kisukari. Shinikizo la damu hupimwa. Mji wa mimba hutazamwa kwa altrasaundi, yaani mtambo unaotumia sauti isiyosikika kuonyesha picha ya viungo vya ndani, ili kuhakikisha kwamba hamna uvimbe wala kovu. Madaktari wengine hufanya na jaribio: huingiza mrija mtupu katika shingo ya mji wa mimba, ili wajue njia imekaaje kabla ya siku yenyewe kufika.

Tatu, hukaa na mshauri, na kama ana mume, mumewe huitwa pia. Huulizwa maswali yasiyo mepesi. Je, utawaambia nini watoto wako watakapoona tumbo linakua na mtoto haletwi nyumbani? Je, mimba ikiharibika? Je, ikiwa ni mapacha? Je, daktari akiona kwamba maisha yako yamo hatarini, nani atakata shauri? Jibu la swali hilo la mwisho lapasa kuwa moja tu, yaani yeye mwenyewe, kwa maana mwili ni wake.

Nne, huandikwa mapatano mbele ya wakili, na yeye awe na wakili wake, asiwe yule wa upande wa pili. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali huhitaji daftari, si zaidi sana mtoto na afya ya mtu? Katika mapatano huandikwa nani atalipa hospitali, nani atalipa akiugua baada ya kuzaa, na itakuwaje kama wazazi wakifa au wakiachana kabla mtoto hajazaliwa.

Wakati huohuo mwenye yai naye ana kazi yake. Hudungwa sindano kila siku kwa muda wa siku kumi au kumi na mbili hivi, ili mayai mengi yakomae pamoja badala ya moja. Kisha hudungwa sindano ya mwisho, na baada ya saa 34 mpaka 36 daktari huyatoa mayai kwa sindano ndefu huku akitazama altrasaundi. Yai hukutanishwa na mbegu siku hiyo hiyo. Siku ya pili baada ya hapo kiinitete huwa na chembe nne hivi, siku ya tatu nane hivi, na siku ya tano huwa mia moja au zaidi, zikiwa zimejipanga katika sehemu mbili: fungu la ndani litakalokuwa mtoto, na ukuta wa nje utakaokuwa kondo la nyuma. Kama mama mchukuzi hajawa tayari, kiinitete hugandishwa upesi na kuwekwa katika naitrojeni iliyofanywa maji, katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Humo chaweza kungoja hata miaka.

KUUTENGENEZA MJI WA MIMBA

Mkulima hapandi kabla hajalima. Mji wa mimba nao una msimu wake. Hukubali kupokea kiinitete siku chache tu katika kila mwezi, na zikipita mlango hufungwa. Basi kazi ya daktari ni kuulinganisha umri wa kiinitete na msimu wa mji wa mimba.

Hedhi ya mama wetu ikianza, siku ya pili au ya tatu hupewa vidonge vya estrojeni. Mara nyingi humeza kidonge cha miligramu 2 mara tatu kwa siku. Estrojeni huufanya utando wa ndani wa mji wa mimba kuwa mnene. Baada ya muda wa majuma mawili hivi hurudi hospitali kupimwa. Daktari hutafuta utando wenye unene wa milimita 7 au zaidi. Ukiwa mwembamba, dawa huongezwa au kazi huahirishwa, na safari yote huanza upya mwezi mwingine.

Utando ukiwa tayari huanza dawa ya pili, projesteroni. Hii huugeuza utando uwe laini na wenye chakula, kama shamba lililotiwa mbolea. Hutiwa ukeni kama vidonge laini, au hudungwa takoni ikiwa imechanganywa na mafuta. Sindano hii ya mafuta yauma, na mahali pake huvimba. Wengine hukanda kwa kitambaa cha moto ili mafuta yatawanyike. Siku ya kwanza ya projesteroni huandikwa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa ndiyo inayohesabiwa. Kiinitete cha siku tano hutiwa kwa kawaida baada ya siku tano za dawa hiyo.

Hapa ndipo mama huyu anapoonyesha uaminifu wake. Akisahau vidonge siku mbili kwa kuwa alikwenda matanga kijijini, kazi ya miezi na mali ya watu yaweza kuharibika. Kwa hiyo hutegesha saa, hubeba dawa mkobani, na humeza hata akiwa ndani ya teksi katikati ya msongamano wa magari. Kichwa humwuma, maziwa humjaa, tumbo hujaa gesi, na moyo huwa mwepesi wa kulia. Wala hawezi kumweleza kila jirani sababu yake.

SIKU YENYEWE

Wengi hudhani siku ya kutia kiinitete ni siku ya kupasuliwa. Sivyo. Huwa mara nyingi hakuna dawa ya usingizi, na kazi yenyewe huchukua muda wa dakika kumi au kumi na tano.

Asubuhi mama huoga bila manukato, maana harufu kali na mvuke wake havifai karibu na maabara. Huambiwa anywe maji, asiende haja ndogo. Kibofu kikijaa, mji wa mimba hunyooka na picha ya altrasaundi huwa safi zaidi. Ukimwuliza mwanamke aliyepitia jambo hili ni nini kilichomtaabisha siku hiyo, usishangae akikujibu kwamba ni mkojo.

Katika maabara kiinitete huyeyushwa na kutazamwa kwa hadubini kama kingali hai. Kisha hufanywa jambo ambalo ni dogo kwa kulitazama lakini ni kubwa kwa maana. Majina husomwa kwa sauti, na watu wawili hushuhudia: jina la mama aliyelala kitandani, majina ya wenye kiinitete, na maandishi yaliyo juu ya kisahani. Yasipolingana, hakuna kinachofanyika. Kosa hapa haliwezi kufutwa kwa raba.

Mama hulala chali na kukunja magoti. Daktari huingiza chombo cha kupanulia, kile kile kitumiwacho wanawake wanapopimwa shingo ya mji wa mimba, na kuipangusa njia. Kisha mtaalamu wa maabara huleta mrija laini, mwembamba kama ujiti, na ndani yake mna tone la maji lenye kiinitete. Ukubwa wa kiinitete hicho haufiki hata robo ya milimita moja. Mwuguzi hushikilia altrasaundi juu ya tumbo. Daktari hupitisha mrija polepole mpaka ncha yake ibakishe sentimita moja au mbili kufikia kilele cha mji wa mimba, na huko hulisukuma tone. Juu ya kioo huonekana nukta nyeupe ikimeta. Nukta hiyo si mtoto. Ni hewa kidogo iliyotiwa pamoja na tone ili ionyeshe mahali lilipokaa. Hata hivyo watu wengi huilia machozi.

Mrija hurudishwa maabara ukatazamwe, isije ikawa kiinitete kimenata ndani yake. Wakiona mrija ni mtupu, kazi imekwisha. Kwa hesabu ya madaktari, mimba ikishika, siku hiyo itakuwa na majuma 2 na siku 5.

Madaktari wa leo hupendelea kutia kiinitete kimoja tu. Zamani walitia viwili au vitatu kwa tamaa ya kufaulu. Lakini mapacha huzaliwa mara nyingi kabla ya wakati, na mama huingia katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na kutokwa damu. Salongo na Nalongo hupewa heshima kubwa katika Buganda, na ni haki. Lakini mama mchukuzi ndiye abebaye hatari hiyo, kwa hiyo haifai watu wengine wamchagulie.

SIKU ZA KUNGOJEA

Je, kiinitete hakitaanguka akisimama? Swali hili huulizwa na kila mtu. Jibu ni hapana. Kuta za mji wa mimba hugusana, na kiinitete hukaa katikati yake kama mbegu ya wimbi ndani ya uji mzito. Uchunguzi umeonyesha kwamba kulala kitandani siku nyingi hakuongezi bahati. Mama aweza kutembea, kupika na kwenda haja ndogo mara moja, jambo ambalo kwa wakati huo hulitamani kuliko jambo lingine lolote. Huambiwa tu aache mizigo mizito, kama jerikeni la maji la lita 20. Kuhusu boda boda, hatari yake si kutikiswa; hatari yake ni kugongwa.

Kisha huja siku tisa mpaka kumi na nne za kungojea, na wengi husema hizo ndizo ndefu kuliko zote. Dawa zile zile humletea dalili zinazofanana na za mimba, kwa hiyo hawezi kuuamini mwili wake. Damu kidogo ikitoka hushtuka. Simu ya wazazi ikilia, huona uzito kuipokea, maana hana la kuwaambia. Hatimaye hupimwa damu kutafuta homoni ya mimba. Ikipatikana, hupimwa tena baada ya siku mbili waone kama inapanda. Katika juma la sita au la saba altrasaundi huonyesha moyo ukipiga. Dawa huendelea mpaka juma la kumi au la kumi na mbili, wakati kondo la nyuma linapoweza kujitengenezea homoni lenyewe.

Lazima tuseme kweli pia juu ya kushindwa. Hata katika hospitali zilizo bora duniani, kiinitete kizuri hushindwa kushika karibu nusu ya nyakati, na pengine zaidi. Jambo linaloamua sana ni umri wa mwenye yai, si umri wa mama mchukuzi. Lakini habari mbaya inapokuja, mara nyingi huyu ndiye ajilaumuye, akikumbuka ndoo aliyoinua au ugomvi na mumewe. Yafaa aambiwe wazi kwamba hakukosa kitu. Kiinitete kingi kisichoshika kilikuwa na kasoro tangu kilipoanza.

Mimba ikishika, huhudhuria kliniki kama mama mwingine yeyote: hulala ndani ya chandarua, humeza vidonge vya damu, na kuanzia mwezi wa nne hivi hupewa dawa ya kuzuia malaria. Mtoto hula kwa njia ya damu yake, ingawa damu zao mbili hazichanganyiki kama maji ya mito miwili. Sura na tabia ya damu ya mtoto, mathalani kama ana ugonjwa wa selimundu au la, hutoka kwa wenye yai na mbegu. Lakini akivuta sigara au akiugua malaria, mtoto huumia. Basi usiseme kwamba yeye ni chungu tu cha kupikia.

MAMA NI NANI?

Swali hili ndilo gumu. Waswahili wana methali isemayo, kitanda hakizai haramu. Yaani mtoto ni wa nyumba aliyozaliwa. Lakini hapa vitanda ni viwili! Waganda humhesabu mtoto katika ukoo wa baba yake, basi kwa upande wa ukoo hakuna shida kubwa, kwa kuwa mbegu ni ya baba. Shida iko kwa mama.

Nchi zimejibu namna mbalimbali. Katika Uingereza mwanamke aliyezaa ndiye mama mbele ya sheria, mpaka mahakama ihamishe haki hiyo baada ya mtoto kuzaliwa. Katika Afrika Kusini sheria ya watoto ya mwaka 2005 yataka Mahakama Kuu iyakubali mapatano kabla kiinitete hakijatiwa, na mama mchukuzi awe na mtoto wake mwenyewe aliye hai, wala asilipwe zaidi ya gharama na hasara zake. India ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya mwaka 2021. Hapa Uganda Mheshimiwa Sarah Opendi, aliyekuwa wakati huo Mbunge Mwanamke wa Tororo, aliandaa muswada mwaka 2023 juu ya mambo haya ya uzazi wa kusaidiwa. Alifanya hivyo kwa sababu hospitali zilikuwa zimefanya kazi hii miaka mingi bila sheria maalumu ya kumlinda mzazi, mchukuzi wala mtoto.

Dini nazo zina maneno yake. Kanisa Katoliki lilikataa jambo hili katika waraka wake wa mwaka 1987, na wengi wa wanazuoni wa Kiislamu hulikataa pia, wakihofia kuchanganyika kwa nasaba. Wengine huliona kuwa ni msaada wa jirani kwa jirani. Kila msomaji ana haki ya kupima kwa akili na imani yake. Lakini apime jambo lenyewe, asipime uvumi.

MANENO KWA WANAFUNZI

Nina neno moja kwa wale wanaokaribia kumaliza shule, hasa dada zetu. Mtu akikujia, kwa simu au ana kwa ana, akakuahidi fedha nyingi ili utoe mayai au uchukue mimba, akakuambia usimwambie mzazi wala usitafute wakili, jua kwamba huyo hatafuti mtoto; anatafuta mawindo. Hospitali ya kweli haitamtaka msichana asiyezaa achukue mimba ya mtu, wala haitamficha mtu karatasi aliyotia sahihi. Uganda ina sheria ya mwaka 2009 ya kuzuia biashara ya binadamu, na kumhadaa mtu au kumlazimisha kwa ajili ya faida ni kosa kubwa. Mwambie mtu mzima umwaminiye.

Na kwa sisi sote: ukimwona mama mwenye mimba, kisha usimwone na mtoto, nyamaza. Huenda amefiwa. Huenda pia amemkabidhi mtoto kwa watu waliokuwa wakimngojea miaka kumi, naye amerudi nyumbani maziwa yakimtoka na mikono ikiwa mitupu, akiwapikia matoke watoto wake wawili. Katika hali zote mbili, anachohitaji kwetu ni salamu njema, na kumsaidia kubeba maji.